Kasha, Nakala na Kisanduku cha Diski: Tarikhi ya Hifadhi za Nyumbani Unguja

Katika nyumba ya marehemu bibi yangu, mtaa wa Mkunazini, ghorofani, lilikuwapo kasha la msaji lililopambwa kwa misumari ya shaba, ambalo ufunguo wake hakuuweka popote ila katika pindo la kanga yake, na sisi wajukuu hatukuruhusiwa kulisogelea mpaka yeye mwenyewe apige magoti, afungue kufuli, aifyatue tumbuu, kisha ainue kifuniko kwa mikono miwili, ndipo harufu ya karafuu, kafuri na karatasi kuukuu itujie sote kwa pamoja. Ndani, upande wa kushoto, mlikuwa na kijaluba kilichojengwa pamoja na kasha, na chini ya kijaluba hicho mlikuwa na saraka mbili za siri ambazo asiyezijua hawezi kuzigundua, maana ubao unaozificha hautoki kwa kuvutwa wala kwa kusukumwa, hutoka kwa kuinuliwa. Humo ndimo alimoweka hati ya nyumba iliyoandikwa kwa khati za Kiarabu, barua za jamaa kutoka Maskati na Mombasa, picha za harusi tatu, na daftari moja dogo lililoanzishwa na babu yake, lenye majina ya watoto wote waliozaliwa katika ukoo, kila jina na tarehe yake kwa miezi ya Kiislamu, na katika kurasa za mwisho kwa miezi ya Kizungu pia.

Alipofariki tukalifungua wenyewe. Kasha lilikuwa zima, shaba yake imefifia kidogo tu. Lakini mguu wake wa nyuma ulikuwa umegusa ukuta, na mchwa walikuwa wamepanda kwa mguu ule, wakautoboa ubao wa chini wa saraka, ambao fundi aliutengeneza kwa mti hafifu kuliko msaji, wakala pembe ya daftari kurasa kumi na nne mfululizo, hata majina ya watoto wawili wa kizazi cha babu yangu hayasomeki tena, wala hakuna mtu aliye hai awezaye kututajia. Daftari lile lilidumu miaka mingi mno, na katika miaka hiyo yote hakuna mmoja wetu aliyeketi jioni moja akalinakili.

Tangu siku hiyo, kila ninapoulizwa na jirani au sahibu ni kifaa gani anunue cha kuhifadhia picha na nyaraka za nyumba yake, kile kisanduku kidogo chenye diski ndani yake kinachounganishwa na ruta ili simu na kompyuta zote za nyumbani ziweke nakala zake mahali pamoja, siwezi kumjibu kwa kumtajia jina la biashara tu, kwa kuwa naona swali lenyewe ni kongwe kuliko umeme, na watu wa kisiwa hiki wamelijibu mara nyingi kwa namna mbalimbali, mara wakafaulu na mara wakapoteza. Napenda basi nilieleze kwa tarikhi yake.

Makasha haya, ambayo wageni huyaita ya Zanzibar, kwa asili si kazi ya Unguja. Mengi yaliletwa na majahazi kutoka Surat na Bombay wakati wa kaskazi, mengine yakanasibishwa na Shiraz, na mafundi wa hapa wakajifunza kwanza kuyakarabati, kisha kuyaunda. Nahodha alisafiri na lake, tajiri aliweka ndani yake fedha na mikataba, na bibi harusi alipelekwa kwa mumewe pamoja na kasha lake, hata likawa kama sehemu ya heshima yake. Uzito wa mbao, shaba iliyogongomewa kila pembe, kufuli kubwa na saraka za siri, vyote hivyo vilikusudiwa kumshinda mwizi, na kwa hakika vilimshinda. Lakini mwizi ni mmoja tu miongoni mwa maadui wa waraka, wala si mkubwa wao.

Adui mkubwa zaidi ni nyumba yenyewe. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko, ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, maana upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti. Na ukuta wa namna hii hunywa maji ya masika, kisha ukayatoa polepole kwa miezi mingi, pamoja na chumvi yake. Atazamaye ukuta wa chini wa nyumba yoyote ya Shangani au Malindi ataona chokaa inavyovimba na kubanduka kama ngozi ya mgonjwa. Wazee waliijua tabia hiyo, kwa hiyo Msahafu na vitabu vya dini viliwekwa ghorofani, katika zidaka zilizochongwa juu ukutani ambako upepo hupita, wala havikuwekwa chini sakafuni. Na nguo na karatasi zikafukizwa udi au kuwekewa karafuu ili nondo na mende wazikimbie.

Yako pia yale yasiyozuiliwa na kidaka wala udi. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilikipiga kisiwa hiki, kikang'oa mikarafuu kwa mashamba mazima na kuzivunja merikebu zilizotia nanga bandarini. Tarehe 27 Agosti 1896, kwa muda usiofika saa moja, manowari za Kiingereza ziliyapiga mizinga majumba ya kifalme ya ufukweni, na Beit al-Hukm ikawa kifusi. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilisalimika siku ile, ikaendelea kusimama zaidi ya karne nzima baadaye, ikawa makumbusho na fahari ya mji, na sote tukaamini kwamba jengo lililoishinda mizinga halina la kuogopa tena. Kisha tarehe 25 Disemba 2020, mchana kweupe, bila vita wala tufani, na mafundi wakiwa kazini kuikarabati, sehemu yake kubwa ikaporomoka, na watu wawili wakafa. Mimi nilipouona ule upande wa mbele ukiwa wazi, na vyumba vyake vinaonekana kama kasha lililovunjwa kifuniko, nililikumbuka daftari la bibi yangu.

Wahenga wetu walikuwa na jibu jingine kwa maadui hawa, tena jibu lenye nguvu kuliko kasha, na neno lake tunalitamka kila siku bila kulizingatia. Hifadhi ina nasaba moja na hafidh, yule aliyeihifadhi Kurani moyoni. Kwa hiyo katika lugha yetu kuhifadhi hakukuwa kufungia kitu peke yake, kulikuwa pia kukitia kifuani mwa mtu. Na tuutazame uimara wa hifadhi ya namna hiyo: Msahafu mmoja ukiungua hakipotei kitu, kwa kuwa maneno yake yamo vifuani mwa maelfu ya watu waliotapakaa nchi mbalimbali, na akikosea mmoja herufi moja katika Tarawehe, aliye nyuma yake humsahihisha papo hapo. Zipo nakala nyingi, ziko mbalimbali, nazo hukaguliwa kila siku.

Waandishi wa khati nao walikuwa na adabu yao. Chini ya ukurasa waliandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi ikichomoka ijulikane mara moja. Na nakala ilipokwisha haikuhesabiwa kuwa imetimia mpaka ifanyiwe mukabala, yaani mmoja asome asili kwa sauti na mwenzake aifuatishe nakala neno kwa neno, na walipoinuka katika kikao walitia alama pambizoni mahali walipofika, ili kesho waanzie hapo. Elimu iliyosomeshwa katika vyuo vya mji huu, kama kile cha Sheikh Abdallah Bakathir (1860–1925) pale Ukutani, ilisimama juu ya adabu hiyo ya kupokea na kusahihishwa mbele ya mwalimu. Nami naomba msomaji aliweke neno mukabala akilini, maana nitalirudia nikifika kwenye mashine.

Nao ushahidi wa nguvu ya nakala tunao katika vitabu vyetu wenyewe. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye dunia humjua kwa lakabu ya Tippu Tip, aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu akiwa mzee hapa mjini, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Mwenyewe akafariki Unguja mwaka 1905, na kitabu kikabaki duniani. Sheikh Said bin Ali al-Mughairi aliiandika tarikhi ya Zanzibar aliyoiita Juhaynat al-Akhbar, akafariki kabla ya kuiona imepigwa chapa, na kitabu kikachapwa Oman mwaka 1979. Watu wawili hawa hawakufanana kwa lolote, wala mimi simsifu wa kwanza kwa biashara yake ya pembe na watumwa. Lakini maneno ya wote wawili tunayasoma leo kwa sababu moja, kwamba yalivuka bahari yakakaa mahali pa pili.

Sauti nazo zilipata bahati zilizohitilafiana. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia nyimbo zake katika sahani za santuri, sahani zile ziliuzwa pwani yote, zikaingia nyumba kwa nyumba, na iliyovunjika hapa ilikuwa na dada yake kule. Ndiyo maana sauti yake ingali inasikika. Lakini wimbo uliorekodiwa mara moja tu katika utepe mmoja, na utepe ule ukawekwa katika rafu moja, hungoja siku yake, kwa kuwa utepe hunata na kubanduka unga wake katika joto letu, na lililo baya zaidi ni kwamba chombo cha kuuchezea hufa kabla yake, fundi wake akazeeka, na vipuri vyake visipatikane tena. Picha hali kadhalika. Duka la Capital Art Studio, alilolifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, lilitunza filamu za picha za harusi, za watawala na za watu wa kawaida, na familia nyingi zilizopoteza picha zao zimekwisha kuingia mlango ule zikiulizia nyuso za wazee wao.

Mwaka 1964 sitaurefusha, kwa kuwa wengine wameueleza kwa kirefu na kila nyumba ina habari yake. Baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari jamaa wengi walitawanyika, wengine Dar es Salaam na Mombasa, wengine Maskati, Dubai na Uingereza, na aondokaye kwa haraka habebi kasha la msaji. Hubeba picha mbili tatu ndani ya Msahafu. Sura ya babu yangu akiwa kijana, ambayo leo imetundikwa sebuleni kwetu, haikutoka katika kasha letu hata kidogo. Ilitoka Maskati, kwa binamu yake aliyekuwa na nakala, nasi tukaiona kwa mara ya kwanza miaka arubaini baadaye.

Serikali nayo ilipata jengo lake la kuhifadhia nyaraka pale Kilimani, na idara yenyewe iliasisiwa mwaka 1956. Nyaraka za balozi za Kiingereza tangu zama za Kapteni Hamerton aliyefika 1841, za ofisi za Kijerumani, na maandiko ya Kiarabu ya watu wa hapa, hukaa katika maboksi kwa utaratibu wa namba, na asomaye huletewa boksi moja baada ya jingine. Mwaka huohuo wa 1956, upande wa pili wa dunia, kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine ya kwanza ya kuweka maandishi katika diski zinazozunguka: diski hamsini, kila moja upana wa inchi 24, zote pamoja zikibeba herufi milioni 5, kadiri isiyotosha picha mbili za simu ya leo. Leo diski moja ya terabaiti 1, inayoenea kiganjani, hubeba picha zaidi ya 300,000 za namna hiyo. Ukubwa wa kasha umeongezeka kupita kiasi. Na hasara ya kupotea kasha moja imeongezeka kwa kadiri hiyohiyo.

Diski ni chombo kinachokufa. Ndani yake sahani huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, na sindano huelea juu yake bila kuigusa, na siku inapoigusa habari imekwisha. Kwa ajili hiyo, mwaka 1988, wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa andiko lililoeleza jinsi diski nyingi za bei nafuu zinavyoweza kufungamanishwa zikafanya kazi kama moja, ili ikifa mojawapo nyinginezo ziendelee. Visanduku tunavyonunua leo, vya Synology na QNAP za Taiwan na wenzao, vimejengwa juu ya fikra hiyo. Kilicho rahisi kuliko vyote ni kile chenye diski mbili, ambapo kila kiandikwacho katika ya kwanza huandikwa katika ya pili papo hapo, kama uso na kioo.

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, nami nasema kwa mkazo kwa sababu nimewaona wakilia: kioo si nakala. Kioo humkinga mtu na kifo cha diski, basi. Mtoto akifuta picha za safari ya Hija, kioo nacho hufuta. Kirusi kikizifunga faili kwa ufunguo wa mharibifu, kioo nacho hufunga. Nyumba ikiungua, uso na kioo huungua pamoja. Kwa hiyo kisanduku kinachofaa ni kile kinachoweza kukumbuka hali ya jana na ya juzi, ili lililofutwa Jumatatu lirudishwe Alhamisi, na ambacho kina njia nyepesi ya kujinakili kwenda kwenye diski nyingine iliyo nje yake. Chenye nafasi ya diski moja peke yake mimi sikishauri, hata kikiwa na bei ya kuvutia.

Diski za kutia humo nazo si sawa. Ziko zilizoandikwa mistari yake kwa kulaliana, mstari mmoja ukiufunika mwingine kidogo kama makuti yaliyoezekwa, ili mingi ienee mahali padogo. Aliyewahi kuezua paa anajua: kuti la juu hubadilishwa kwa urahisi, lakini kuti la katikati haligusiki mpaka uinue yaliyolilalia, uyapange, kisha uyarudishe yote. Diski za makuti hufaa kwa kitu unachokiandika mara moja ukakiacha. Lakini ndani ya kisanduku, siku diski mojawapo inapokufa na mpya inapojazwa upya kutoka kwa mwenzake, kazi ya saa nyingi huwa ya siku nyingi, na pengine kisanduku huikataa diski hiyo katikati ya kazi. Muulize muuzaji, na kama hajui, tazama katika tovuti ya mtengenezaji kwa namba ya diski yenyewe kabla ya kutoa fedha.

Kisha liko suala la umeme, ambalo kwa mtu wa Unguja lina tarikhi peke yake. Umeme wetu huja chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni upande wa bara hadi Fumba. Mwezi wa Mei 2008 ulikatika kisiwa kizima kwa takriban mwezi mmoja. Na kuanzia Disemba 2009 ukakatika tena mpaka Machi 2010, miezi mitatu ya jenereta, mishumaa na maji ya kununua kwa ndoo; baadaye kebo kubwa zaidi, ya megawati 100, ilikamilika kwa msaada wa Marekani mwaka 2013. Pemba nayo tangu 2010 hupata wake kutoka Tanga kwa kebo yake yenyewe. Lakini giza refu siyo linaloua diski. Linaloua ni ile dakika umeme unaporudi kwa kishindo, ukaondoka, ukarudi tena. Mimi nilipoteza diski namna hiyo usiku mmoja wa vuli: ilipiga tiki, tiki, tiki, kama saa ya ukutani iliyopungukiwa na ufunguo, kisha ikanyamaza pamoja na picha za miaka sita, na kosa lilikuwa langu, maana niliona fedha za betri ya akiba ni nyingi ilhali nilikuwa nimekwisha kununua zulia. Sasa sinunui kisanduku bila UPS, ndiyo hiyo betri ya akiba, tena ile inayounganishwa nacho kwa waya wa taarifa, ili betri ikikaribia kuisha kisanduku kijifunge chenyewe kwa utaratibu.

Kuta zetu zile za matumbawe nazo zina neno lao. Unene wake, unaofika nusu mita na zaidi, huyazuia mawimbi ya ruta yasipite chumba cha pili, kwa hiyo nyumba ya Mji Mkongwe yafaa ipitishiwe kebo, na kisanduku kikae karibu na ruta, ghorofani, juu ya rafu iliyo mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, mahali papitapo hewa, pasipo dirisha linalotazama bahari. Nalirudia hili kwa kila mtu: kipangusiwe vumbi kila mwezi, kwa kuwa hewa ya chumvi ikishikana na vumbi la chokaa hutengeneza ugaga juu ya feni, feni husimama, na joto hufanya kazi ya mchwa.

Wako watakao kisanduku chao kifikike kutoka popote duniani, ili ndugu aliye London au Toronto aone picha. Haja hiyo ni njema, lakini mlango wake uwe na bawabu. Mwezi wa Juni 2021 wenye visanduku vya zamani vya aina ya My Book Live, ambavyo kampuni ya Western Digital ilikuwa imeacha kuvitengenezea programu tangu 2015, waliamka wakakuta faili zao zote zimefutwa na watu wasiowajua, kupitia intaneti. Na mwaka huohuo na uliofuata visanduku vingi vya QNAP vilivyoachwa wazi mtandaoni vilivamiwa na kufungwa kwa ajili ya fidia. Kasha lililotolewa barazani usiku halishindwi na kufuli. Limeshindwa na mwenyewe. Tazama basi mtengenezaji anaahidi kukitunza kifaa chake kwa programu mpya kwa miaka mingapi, na ahadi yake ya nyuma aliitimiza au la, kabla hujatazama wingi wa taa zake.

Nalirudia sasa neno mukabala. Mwaka 2005 kampuni ya Sun Microsystems ilitoa mfumo wa kupanga faili uitwao ZFS, ambao kila kipande cha habari huandikiwa hesabu yake maalumu, na kila kinaposomwa hesabu hupigwa upya na kulinganishwa na ile ya mwanzo, na isipolingana mfumo huchukua kipande kizima kutoka diski ya pili ukasahihisha kilichoharibika. Mifumo mingine imeufuata mwenendo huo. Hilo si geni kwetu. Ni yule msomaji wa asili na yule mfuatishaji wa nakala, na alama ya pambizoni. Kisanduku chenye uwezo huo kichaguliwe mbele ya kile kisichokuwa nao, na ukaguzi wake uwashwe, maana kwa vingine huwa umelala mpaka mwenyewe auamshe. Tena kiwe cha mfumo ulio wazi, ambao diski zake zikitolewa zaweza kusomwa na kompyuta ya kawaida ya Linux, yasitupate yale ya utepe uliobaki mzima ilhali chombo chake kimekufa.

Peter Krogh, mpiga picha wa Kimarekani, katika miaka ya 2000 aliwafundisha wenzake kanuni ambayo sasa imeenea kote: nakala ziwe tatu, ziwe katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Watafsiri wa programu za kompyuta kwa Kiswahili wamechagua kuiita nakala ya namna hiyo chelezo, na mimi nawashukuru kwa uteuzi huo, kwa kuwa chelezo cha mabaharia wetu ni boya lielealo juu ya maji mbali na chombo, likionyesha nanga ilipo hata kama kamba imekatika.

Kisanduku changu, chenye diski mbili za terabaiti 4 kila moja, kiko leo katika nyumba ileile ya Mkunazini, hatua tatu kutoka kasha la bibi, ambalo miguu yake tumeiondoa ukutani. Nakala ya tatu imo katika diski ya nje iliyofungwa kwa neno la siri, nayo hukaa Wete, Pemba, kwa shangazi yangu, kisiwa kingine, chenye kebo nyingine ya umeme. Kila baada ya Idi diski hiyo huja kwa meli, na nyingine ya namna hiyo huenda mahali pake, na kabla haijaondoka hufungua faili tano nisizozichagua kwa makusudi, nikazitazama kwa macho yangu. Daftari nimelipiga picha ukurasa kwa ukurasa, hata zile kumi na nne zilizoliwa, pamoja na pengo lake. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna daftari la namna hiyo, au hati, au picha ya mtu ambaye aliyemwona amebaki mmoja tu, usingoje mpaka ununue kisanduku: lipige picha leo kabla ya Magharibi, na nakala moja uitume kwa jamaa aliye ng'ambo ya maji.